Bustani ya Mapadri na Bustani ya Nyuma ya Nyumba

Katika misioni nyingi za zamani za Katanga mutu anaweza kuona bado bustani mbili. Ya kwanza iko nyuma ya nyumba ya Mapadri. Ina ukuta wa matofali ao uzio wa miti, ina mufereji wa maji, na matuta yake yamenyooka kama mistari ya daftari: kabichi, karoti, saladi, vitunguu, nyanya, na pembeni michungwa na milimau. Ya pili haina ukuta. Iko nyuma ya nyumba ya katekista, ya mwalimu, ya mama mujane: lengalenga kidogo, kibwabwa (ndiyo majani ya maboga), matembele, muhogo wa kuvuna sombe, mupapai mumoja, na migomba karibu na pahali pa kuogea, maana inapenda maji yanayomwagwa pale. Habari za bustani ya kwanza zimeandikwa na wamisionere wenyewe katika barua na daftari za misioni. Za bustani ya pili, ni wachache walioziandika. Katika kurasa hizi ninataka kuziweka zote mbili pamoja, kwa sababu mupadri kijana anayetumwa leo katika parokia atakula kutoka moja kati yazo, na siyo jambo dogo kujua ni ipi.

Kwanza tuelewe nchi. Wageni wanafikiri kwamba Kongo nzima ni joto na mvula mwaka muzima. Lakini Lubumbashi iko juu, kati ya metre 1.200 na 1.300, mvula inaanza kwa nguvu mwezi wa Novemba, inakwisha Machi ao Aprili. Toka Mei mpaka Septemba ni kiangazi, na katika miezi ya Juni na Julai usiku ni baridi, hasa katika mabonde yenye majimaji tunayoyaita dembo. Kwa hiyo bustani zile mbili hazina mwaka mumoja. Bustani ya mama inakunywa mvula: kibwabwa, lengalenga na mahindi vinaota wakati wa masika bila mutu kubeba ndoo. Bustani ya Mapadri ni kinyume. Wakati wa masika kabichi inaoza, nyanya inapata ugonjwa wa majani na kuwa nyeusi. Inafaa kungoja baridi ya kiangazi, halafu kumwagilia kila asubuhi na kila jioni. Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 11, kinajua tofauti hiyo: nchi ya Misri inamwagiliwa kwa kazi ya miguu kama bustani ya mboga, lakini nchi ya ahadi inakunywa maji ya mbingu. Wamisionere wetu waliosoma sura ile walitoka nchi ya mvula, wakajikuta huku wanalima kwa namna ya Misri. Na aliyebeba ndoo, mara nyingi, hakuwa mupadri.

Tena tunasema upesi mno «chakula cha mababu». Tuangalie vizuri. Mahindi, muhogo, karanga, viazi vitamu, maharagi, maboga, pilipili, nyanya, papai, mapera, avoka, nanasi: vyote asili yake ni Amerika. Hakuna hata kimoja kilichokuwa mu Afrika mbele ya mwaka wa 1492. Vililetwa na merikebu za Wareno upande wa bahari ya magharibi, vikaingia ndani ya nchi kwa mikono ya watu wetu wenyewe, toka muji mupaka muji, bila mwalimu wa kilimo, bila sheria ya Leta. Ndizi na muwa vilitoka Asia zamani sana. Vya Afrika yenyewe ni mutama, ulezi, kunde, njugu mawe na bamia. Ulezi ndio uliotoa bukari katika sehemu nyingi mbele ya muhogo na mahindi. Wakati Lacerda, mujumbe wa Wareno, alipofika kwa mufalme Kazembe karibu na Luapula katika mwaka wa 1798, muhogo ulikuwa umekwisha kuwa chakula cha kila siku pale. Lacerda alikufa kule kule katika mwezi wa Oktoba, na aliyeongoza musafara baadaye alikuwa kapelani, Padri Francisco João Pinto. Basi mupadri mumoja alikula bukari ya muhogo kwa Kazembe miaka 80 mbele ya Mapadri Weupe kufika Tanganyika.

Njia ya mashariki ilileta vingine. Wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walipanda mchele Nyangwe na Kasongo, na Maniema inakula mchele mpaka leo. Walipanda pia miembe kando ya njia ya misafara. Ule mwembe wa Ujiji, ambao watu wanasema Stanley alimukuta Livingstone chini yake katika mwaka wa 1871, ulikuwa mumoja wa ile. Ni jambo la kufikiri: watu wale wale waliofunga wengine minyororo ya shingo waliacha nyuma yao kivuli na matunda matamu. Mutoto anayetupa jiwe katika mwembe leo hajui kitu hicho, wala sidhani inafaa kumuharibia embe lake. Lakini seminari siyo mwembe, na sisi inafaa tujue.

Sasa tuje kwa misioni. Askofu mukubwa Lavigerie, aliyekuwa baadaye kardinali, aliwaagiza Mapadri Weupe toka mwanzo, wangali Algeria, washike mambo matatu ya watu watakaokaa nao: lugha yao, chakula chao na mavazi yao. Katika mambo yale matatu, lugha ilishikwa vizuri. Tunaona matunda yake katika vitabu vya sarufi na vya sala. Chakula kilishikwa kwa shida. Musafara wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, ukafika Ujiji mwezi wa Januari 1879; Padri Pascal alikufa njiani. Mutu anayetembea zaidi ya nusu mwaka hawezi kubeba chakula cha Ulaya cha kumutosha. Anabeba mbegu. Ndiyo sababu bustani ilichimbwa mapema katika kila kituo, karibu pamoja na nyumba ya kwanza: Mulweba katika mwaka wa 1880, Kibanga 1883, halafu Mpala katika mwaka wa 1885, ile boma aliyoijenga Storms wa Association Internationale miaka miwili mbele. Homa ilikuwa inawaua vijana wa miaka 25, na waliamini, siyo bure, kwamba mboga mbichi na limau vinasaidia mwili.

Lakini ni nani aliyelima? Tuseme kweli, bila kuwahukumu wafu. Vijiji vya Kibanga, vya Mpala na vya Baudouinville vilijaa watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka kwa wauza watumwa. Walikombolewa kwa vitambaa na shanga, wakafundishwa katekismu, wakapewa jembe. Wengi walishukuru na kukaa; Kapiteni Joubert, aliyefika Mpala katika mwaka wa 1887, aliwalinda kwa bunduki, akaoa mwanamke wa inchi, Agnès Atakaye, akakaa kati yao mpaka alipokufa katika mwaka wa 1927. Hata hivi, mutoto aliyekombolewa hakuchagua shamba lile, wala saa ya kwenda shambani. Aliyekula saladi na aliyechota maji hawakukaa meza moja. Wakati huo huo mama wa kijiji, nyuma ya nyumba yake mupya ya matofali mabichi, alipanda kibwabwa bila kumuuliza mutu. Kule jembe lilikuwa lake.

Monseniore Victor Roelens alifungua Baudouinville (leo tunasema Moba-Kirungu) katika mwaka wa 1893. Ziwa liko karibu metre 770 juu ya bahari, na nyuma yake milima ya Marungu inapita metre 2.000. Kule juu kwenye baridi ngano na viazi vya kizungu vinaweza kuota. Msomaji asifikiri ngano ilitafutwa kwa sababu ya mukate wa asubuhi tu. Sheria ya Kanisa inataka hostia ya ngano safi na divai ya muzabibu, na bila ngano hakuna Misa. Basi shamba la ngano la misioni lilikuwa kama sehemu ya sakristia. Lakini pale pale watu walijifunza jambo ambalo hakuna aliyetaka kuwafundisha: kwamba chakula cha Mungu ni chakula cha wazungu, na bukari ni chakula cha nyumbani tu. Wazo lile limekaa katika vichwa vyetu muda murefu kuliko ngano ilivyokaa katika mashamba.

Mwaka wa 1917 unastahili kukumbukwa kwa mambo mawili. Tarehe 21 Julai, ku Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa upadri, mukongomani wa kwanza katika nyakati zetu. Kila museminari anajua tarehe ile. Lakini tarehe 20 Februari ya mwaka ule ule Leta ilikuwa imetoa sheria iliyoruhusu kuwalazimisha watu wa vijiji walime mazao yaliyochaguliwa na watawala, mpaka siku 60 kwa mwaka. Aliyekataa aliona kifungo ao fimbo. Pamba ndiyo iliyojulikana zaidi, lakini vyakula pia viliingia. Mababu walioeneza mahindi na muhogo katika nchi nzima bila amri, sasa walipewa amri ya kulima. Toka pale jembe liliingia katika hesabu ya adhabu. Shule zetu, na hata seminari, zilifuata desturi ile: aliyechelewa sala, aliyesema lugha ya nyumbani katika saa ya Kifransa, alipewa kipande cha shamba. Ni wangapi kati yetu waliojifunza kwamba mutu mwenye akili anasoma, na mwenye makosa analima?

Wabenedikto waliofika Katanga ya kusini katika mwaka wa 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, kutoka abasia ya Mutakatifu Andrea karibu na Brugge, walikuwa na maneno ya kupinga jambo hilo. Kanuni ya Mutakatifu Benedikto, sura ya 48, inafanya kazi ya mikono kuwa fungu la siku ya mumonaki sawa na kusoma. Sura ya 66 inataka maji, kinu na bustani viwe ndani ya ukuta wa monasteri. Sura ya 39, ninayoipenda zaidi, inapanga chakula: sahani mbili zilizopikwa, na ya tatu ikiwa kuna matunda ao mboga changa. Ikiwa kuna! Maana yake, kama musimu wake umefika. Ramani ya abasia ya Sankt Gallen, iliyochorwa karibu na mwaka wa 820, inaonyesha bustani ya mboga yenye matuta 18, na kila tuta limeandikwa jina la kinachopandwa. Miti ya matunda iko katika makaburi ya wamonaki. Lakini Elisabethville haikuzaliwa na abasia, ilizaliwa na shaba. Reli ilifika kutoka kusini katika mwaka wa 1910, ikaleta bunga ya mahindi ya Rhodesia kwa kambi za wafanyakazi, na kwa meza za wakubwa mikebe ya samaki, ya siagi na ya mbaazi. Mutu aliyezaliwa katika kambi ya Union Minière alipimiwa chakula kwa juma. Bukari yake ilitoka katika mufuko, siyo katika udongo. Hata hivyo bibi yake alitafuta pahali pa kupanda lengalenga, kando ya barabara, kando ya reli.

Mufuko ule ulikuja kupasuka. Baada ya mugodi wa Kamoto kuporomoka katika mwezi wa Septemba 1990, Gécamines ilianguka kwa miaka michache, mishahara ikakatika, na jamaa za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zikarudia jembe ili zisife. Mutu wa ofisi alilima dembo pamoja na mukewe. Mpaka leo jambo halijakwisha: kila mara Zambia inapofunga mupaka wake kwa mahindi, bei ya bunga inaruka katika soko zetu, kama ilivyoonekana wakati wa ukame mukubwa wa 2024. Mapadri wanaokaa katika parokia za muji wanajua maana yake: ni siku ambazo watu wanakuja kugonga mulango.

Hapa inafaa niseme neno la hatari. Udongo wa muji wa shaba siyo udongo wa kila mahali. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilianza katika mwaka wa 1911, na moshi wake uliopelekwa na upepo umeacha nyuma eneo refu, upande wa Penga-Penga, ambako miti imekufa na ardhi imebaki uchi. Mboga za majani, ambazo ndizo utajiri wa bustani ya mama, zinakusanya kobalti na shaba zaidi kuliko mahindi ao matunda. Parokia iliyo karibu na kiwanda ao mugodi isipande lengalenga kwa upofu: ipande mbali, ao katika udongo ulioletwa na kuchanganywa na mboleo na chokaa, kwa sababu chokaa inapunguza nguvu ya metali kuingia katika mizizi. Majani yaoshwe sana, maana vumbi linakaa juu yake. Akabu alimuua Naboti kwa sababu ya pahali pa kupanda mboga (1 Wafalme 21). Leo mashamba ya Naboti yanaweza kuchukuliwa bila mutu kumwaga damu, kwa moshi tu, ao kwa barua ya mugodi.

Penye udongo safi, mwaka wa Katanga ni mwaka wa furaha kwa anayejua kungoja. Mwisho wa Oktoba na Novemba masuku yanaanguka porini, maembe yanaanza kuiva, na mvula za kwanza zinafungua bowa, ule uyoga ambao mama wanauza kando ya barabara katika mabeseni. Desemba ni kibwabwa changa. Imenye nyuzi za mukongojo, ipike na karanga zilizotwangwa, usiweke mafuta, karanga zinatosha. Januari ni mwezi mugumu, na nitaurudia. Februari mahindi mabichi ya kuchoma, pamoja na mapera. Machi na Aprili karanga mpya za kuchemsha na maganda yake, na avoka. Halafu viazi vitamu. Juni na Julai machungwa yanakuwa matamu kwa sababu ya baridi, na sasa ndiyo zamu ya bustani ya Mapadri: kabichi, karoti, vitunguu, nyanya. Sombe haina musimu, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini majani machanga ya baada ya mvula siyo sawa na yale magumu ya Septemba, muulize yeyote anayeshika mutwango. Ninawacheka kidogo wandugu wanaodai nyanya mu Januari na kulalamika bei.

Nimesema Januari ni mwezi mugumu. Toka Novemba ghala inakuwa tupu, mbegu zimekwenda katika udongo, na mahindi mapya hayajafika. Njaa ya Katanga inaangukia Adventi na Noeli. Kwaresima kinyume inakuja pamoja na mahindi mabichi na karanga mpya. Katika Ulaya Kwaresima ilikaa mwisho wa baridi, wakati ghala zilikuwa zimekwisha hata hivyo. Kanisa lilibariki ukosefu uliokuwapo. Huku mukristu anafunga mbele ya chungu kilichojaa, na mufungo wake ni wa kweli zaidi. Lakini muhubiri anayetafsiri mahubiri ya Wafransa, akisema siku ya Pasaka kwamba nchi inaamka na maua yanafunguka, atazame nje ya dirisha: majani yanaanza kukauka. Vilevile zile litania za mashamba, zilizoanzishwa na Mutakatifu Mamerto askofu wa Vienne katika miaka ya 470, ziliwekwa siku tatu mbele ya Kupaa kwa Bwana. Mapadri wetu wa zamani waliziongoza kwa uaminifu, wakizunguka shamba na maji ya baraka, wakiomba mvula njema kwa mahindi yaliyokuwa yamekwisha kukauka yakingoja kuvunwa. Wakulima walifuata kwa heshima, na labda walijiuliza.

Katika mwaka wa 1969 Roma ilitoa kanuni mupya za kalenda, ikaachia mabaraza ya maaskofu kupanga siku za sala hizo kulingana na nchi na mahitaji yake. Misale kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa katika mwaka wa 1988, ilitupa namna yetu ya kuadhimisha, na katika maandamano ya vipaji tunaona kila Dominika ndizi, muhogo na kuku. Kitabu cha Baraka cha 1984 kina baraka za mashamba na za malimbuko. Kwa hiyo hakuna kitu kinachotuzuia. Litania za mashamba zingefaa Dominika ya mwisho ya Oktoba, na malimbuko katika Februari, wakati mahindi ya kwanza yanapochomwa. Na katika siku ile ya Oktoba wanaopita mbele wangekuwa mama, kwa sababu wao wana mbegu: kibwabwa katika kitambaa kilichofungwa fundo, karanga zilizochaguliwa moja moja, vipande vya muhogo, na kamba za matembele katika beseni. Kamba hizo zinanyauka upesi, basi padri wa siku ile afupishe mahubiri.